Reale na Rupia za Kale Katika Milima ya Uluguru

Leo twataka kuzungumza habari za sarafu za fedha zilizotoka Ulaya katika karne ya kumi na tisa zikafika nchini mwetu, na jinsi thamani yake inavyopimwa siku hizi. Tumeichagua habari hii kwa sababu katika vijiji vya Uluguru, tangu Mgeta hata Matombo, na huko chini Mikese na Ngerengere, zimo nyumba ambamo reale moja au rupia mbili tatu zimefungwa katika kitambaa na kuwekwa chini ya sanduku. Nyingine ziliachwa na bibi, nyingine zilirithiwa kwa mjomba, na nyingine ziliibuliwa na jembe shambani. Kisha hutokea mtu mwenye mfuko na maneno matamu, ataka kuzinunua. Mmoja husema kwamba ni vipande vya chuma tu, naye atatoa bei ya chumvi. Mwingine husema kwamba rupia moja yatosha kununua nyumba ya ghorofa Dar es Salaam. Wote wawili hawasemi kweli, na mwenye mali asiyejua hupata hasara kwa huyu na kwa yule.

Kwanza tutazame neno lenyewe. Katika lugha yetu "fedha" ni madini nyeupe ifuliwayo bangili na pete, tena "fedha" ni mapesa ya kununulia vitu. Neno ni moja kwa sababu zamani mambo hayo mawili yalikuwa jambo moja. Mtu hakupokea sarafu kwa ajili ya namba iliyoandikwa juu yake, alipokea uzani wa madini. Mfanya biashara wa Bagamoyo aliiweka sarafu kwenye mizani, akaigonga juu ya jiwe asikie mlio wake, ndipo akasema, "Nimekubali." Mkishika jambo hilo, mengine yote tutakayosema yatakuwa mepesi.

Zamani, kabla ya utawala wa Wadachi, yaani Wajerumani, njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ugogo na Unyanyembe ilipita chini ya milima yetu. Hapo ulikuwapo mji wa Kisabengo, ulioitwa pia Simbamwene, kwa jina la binti yake aliyetawala baada yake. Stanley alipita mwaka 1871 akauona mji wenye ukuta na minara. Aliporudi mwaka 1872 alikuta mafuriko yameuharibu sehemu kubwa. Morogoro ya leo imekua karibu na mahali pale.

Walakini tusidhani kwamba siku zile watu wa milimani walinunua kuku na mtama kwa reale. Huku bara mali ya biashara ilikuwa merikani, kaniki, ushanga na waya wa shaba. Reale ilihesabiwa Unguja na pwani, ambako mwenye msafara alipatana ujira na wapagazi, na mwenye pembe alilipwa bei yake. Mpagazi aliyerudi kwao na reale kiunoni hakuwa na duka la kuzitumia kijijini, kwa hiyo aliziweka akiba, au alimpa mfua fedha azifanye kuwa mapambo. Ndivyo sarafu nyingi za Ulaya zilivyopata kulala katika vitambaa na masanduku.

Reale zenyewe zilikuwa za namna nyingi, na wazee wa pwani walizitofautisha kwa majina. Ilikuwako reale ya mzinga, iliyotoka katika dola ya Hispania. Sarafu hiyo ilikuwa na picha ya nguzo mbili, na watu walipoziona nguzo hizo walidhani ni mizinga, ndipo wakaipa jina. Ilikuwako reale ya Kifransa, nayo ni sarafu ya faranga tano. Tena ilikuwako reale ya Sham, ambayo ndiyo iliyoenea kuliko zote. Hiyo ni sarafu ya Maria Theresa, malkia wa Austria.

Malkia huyo alikufa tarehe 29 Novemba 1780. Wakati huo sarafu yenye sura yake ilikuwa imekwisha kupendwa mno na wafanya biashara wa Uturuki na Uarabuni, na baadaye Uhabeshi na pwani yetu. Watu hao hawakutaka sarafu yenye sura nyingine, kwa kuwa hii waliijua na kuiamini. Basi serikali ya Austria ikaendelea kuipiga ile ile, wala haikubadili mwaka. Ndiyo sababu reale iliyopigwa mwaka 1850, na iliyopigwa mwaka 1900, na hata zile zilizopigwa Vienna katika siku zetu, zote zimeandikwa 1780.

Upande mmoja wa reale hii pana sura ya mwanamke mnene mwenye utaji wa ujane kichwani na bizimu ya lulu begani. Upande wa pili pana tai mwenye vichwa viwili. Ukingoni pana maneno ya Kilatini yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA, maana yake Haki na Huruma. Maneno hayo yalikuwa na kazi ya ulinzi, maana mwizi akijaribu kukwangua ukingo ili aibe unga wa fedha, maandishi huharibika na kila mtu huona. Upana wake ni kama milimita 40, na uzani wake ni gramu 28.07. Katika kila sehemu 1,000 za madini yake, sehemu 833 ni fedha tupu, na zilizobaki ni shaba ya kuitia ugumu.

Reale hii haikubadilika uzani kwa miaka mingi, hata ikawa mawe ya mizani. Wakia yetu ya zamani ilikuwa uzani wa reale moja, na wakia kumi na sita zilifanya ratili. Mwenye duka asiye na mawe ya kupimia aliweza kutia reale upande mmoja wa mizani na ubani upande wa pili, naye mnunuzi hakunung'unika.

Sasa tuje kwa rupia. Rupia ilikuwa fedha ya India, na wafanya biashara wa Kihindi waliileta Unguja na miji ya pwani. Kampuni za Wazungu zilipoingia kutawala nchi zilifuata desturi hiyo hiyo. Kampuni ya Kiingereza iliyotawala upande wa Mombasa ilipigiwa rupia zake Birmingham mwaka 1888, zikaandikwa neno MOMBASA. Upande wetu kampuni ya Wadachi, Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, ilianza kupigiwa rupia zake Berlin mwaka 1890.

Rupia hiyo ya kampuni ina sura ya Kaiser Wilhelm wa Pili, amevaa kofia ya vita yenye tai juu yake, na maandishi GUILELMUS II IMPERATOR. Upande wa pili mna nembo ya kampuni, yenye simba na mti wa jamii ya mnazi, pamoja na jina la kampuni, mwaka, na maneno EINE RUPIE, yaani rupia moja. Uzani wake ni gramu 11.66, sawasawa na rupia ya India, nao ndio uzani wa tola moja ambayo masonara wameijua siku nyingi. Katika sehemu 1,000, fedha tupu ni sehemu 917. Zilipigwa tangu mwaka 1890 hata 1902, lakini si kila mwaka. Zilikuwako pia za nusu na za robo. Na kwa miaka miwili tu, 1893 na 1894, ilipigwa sarafu kubwa ya rupia mbili, iliyoandikwa ZWEI RUPIEN, yenye uzani wa gramu 23.32. Ishikeni habari ya sarafu hiyo, maana tutairudia.

Wanafunzi na wachukue kalamu tufanye hesabu kidogo. Reale ya Sham ina gramu 28.07, na fedha tupu iliyomo ni kama gramu 23.4. Rupia moja ina fedha tupu kama gramu 10.7, kwa hiyo rupia mbili zina gramu 21.4. Basi rupia mbili hazitoshi kuwa sawa na reale moja, zimepungukiwa gramu 2. Rupia moja ilikuwa na anna kumi na sita. Gramu 2 ni kama anna tatu. Kwa uzani wa fedha, basi, reale moja ni sawa na rupia mbili na anna tatu. Hesabu hii yaonyesha kwa nini wafanya biashara wa Unguja walipobadilisha reale walitaka rupia mbili na kitu juu yake. Hawakuwa wakorofi, walikuwa wakipima madini.

Lakini mambo hayakukaa hivyo siku zote. Katika miaka ya mwisho ya karne ile bei ya fedha ulimwenguni ilishuka sana, kwa kuwa migodi ilitoa fedha nyingi na mataifa makubwa yalikuwa yakihamia dhahabu. Mwaka 1893 serikali ya India ilizuia watu wasipeleke tena fedha zao kiwandani kupigiwa rupia. Tangu hapo rupia ilipata thamani ya amri ya serikali, kubwa kuliko madini yake. Reale haikuwa na serikali ya kuitetea, ikashuka pamoja na madini yake. Aliyeweka akiba ya reale aliamka maskini kidogo kuliko alivyolala, ingawa hapana mtu aliyeigusa akiba yake.

Rupia ilipandaje milimani? Ilipanda kwa kodi. Mwaka 1897 serikali ya Wadachi ilitoa amri ya kodi ya nyumba, na kwa nyumba ya kawaida ya shamba kodi ilikuwa rupia tatu. Watu walioishi kwa mahindi, mtama na ndizi walilazimika kuitafuta sarafu yenye sura ya Kaiser, kwa kuuza mazao au kwa kwenda kufanya kazi. Kisha ikaja reli. Kazi ya kuijenga kutoka Dar es Salaam ilianza mwaka 1905, na mwaka 1907 gari la moshi likafika Morogoro. Kwa hiyo rupia moja iliyochakaa yaweza kuwa na habari ya miezi ya jasho ya babu wa mtu.

Mwaka 1904 zilianza kutoka sarafu za serikali yenyewe mahali pa zile za kampuni. Hizo zimeandikwa DEUTSCH OSTAFRIKA, na rupia ikagawanywa kuwa heller 100 mahali pa pesa 64. Baada ya vita vya 1914 hata 1918 Waingereza walileta shilingi ya Afrika ya Mashariki, iliyoanza kupigwa mwaka 1921. Shilingi ile nayo ilikuwa na fedha, lakini robo tu, yaani sehemu 250 katika 1,000, mpaka zile za mwaka 1946. Gramu zake ni 7.78, na fedha tupu iliyomo haifiki gramu 2. Mtu akitaka fedha iliyomo katika reale moja, yampasa kuyeyusha shilingi kumi na mbili za namna hiyo. Mwaka 1966 ikaja shilingi ya Tanzania. Tangu siku nyingi, basi, hapana duka wala ofisi ipokeayo reale wala rupia. Thamani yake ya kununulia imekwisha kabisa.

Lakini thamani ya kununulia ikiisha, zabaki thamani nyingine tatu, nazo yafaa kuzitenga vizuri. Ya kwanza ni thamani ya madini. Ya pili ni thamani ya uadimu, yaani bei anayotoa mtu akusanyaye sarafu za kale. Ya tatu ni thamani ya kumbukumbu. Watu wengi hudanganyika kwa sababu huzichanganya hizo tatu.

Thamani ya madini ni hesabu tu. Pima sarafu kwa mizani ya sonara, uzidishe kwa sehemu ya fedha tupu, kisha uzidishe kwa bei ya gramu moja siku ile. Bei hiyo hupanda na kushuka kila siku, kwa hiyo haifai kuikariri. Tuseme, kwa mfano wa hesabu, gramu moja ya fedha tupu yauzwa shilingi 2,000. Reale ya Sham itakuwa na madini ya shilingi 46,800, na rupia moja madini ya shilingi 21,400. Hapo ndipo chini kabisa. Sarafu ya kweli haistahili kuuzwa chini ya hapo, isipokuwa faida ndogo ya mnunuzi atakayeiyeyusha.

Thamani ya uadimu ni jambo jingine. Hutokana na mambo matatu: zilipigwa ngapi, zimebaki ngapi, nazo zimebaki katika hali gani. Watu wengi hudhani kwamba kitu kikiwa cha zamani zaidi kina bei kubwa zaidi. Reale ya Sham yatuonyesha kwamba sivyo. Imeandikwa 1780, lakini zimepigwa zaidi ya milioni mia tatu. Hazikupigwa Austria tu. Zilipigwa pia katika miji ya Italia wakati wa utawala wa Austria, na tangu mwaka 1935, serikali ya Italia ilipopewa vyombo vya kupigia, zikapigwa Roma. Waingereza nao wakapiga zao London na Bombay, na Wafaransa Paris. Kwa hiyo reale ya kawaida hupata bei iliyo karibu na madini yake. Zile za kale sana, zilizotoka katika viwanda vya kwanza kama kile cha Günzburg, zina bei kubwa, lakini kuzitambua ni kazi ya bingwa ahesabuye lulu za bizimu na kutazama manyoya ya tai na umbo la kila herufi. Herufi S.F. zilizo chini ya sura ya malkia si ushahidi, maana zilitokana na majina ya wakubwa wa kiwanda cha Günzburg, nazo zikaendelea kunakiliwa katika sarafu za baadaye.

Sasa itazameni ile sarafu ya rupia mbili ya mwaka 1893 na 1894. Umri wake ni mdogo kuliko umri ulioandikwa juu ya reale, na fedha iliyomo ni pungufu kuliko ya reale. Lakini ilipigwa kwa miaka miwili tu, tena chache, na nyingi katika hizo ziliyeyushwa baadaye. Katika minada ya Ulaya sarafu hiyo huuzwa kwa mamia ya euro, na iliyo safi sana hupita elfu. Hata katika rupia moja moja miaka hailingani. Ya mwaka 1894 ni adimu kuliko ya mwaka 1892, kwa kuwa zilipigwa chache zaidi. Ndiyo maana twasema, mtu asome mwaka kabla ya kusema bei.

Tuchukue mfano wa kutunga. Mama mmoja wa Kinole ana sarafu nne: reale ya Sham, rupia ya mwaka 1892 iliyochakaa, rupia mbili ya mwaka 1893, na shilingi ya mwaka 1924. Mnunuzi aja, azipima zote pamoja, asema ampa shilingi 50,000 kwa ukarimu. Kwa bei yetu ya mfano, madini peke yake ni gramu 57 na kitu za fedha tupu, yaani kama shilingi 114,000. Basi amepunjwa zaidi ya nusu. Tuseme aja mnunuzi wa pili, mwenye haki zaidi, atoa shilingi 114,000 taslimu. Mama atashukuru, naye hajui kwamba sarafu moja katika zile nne, ile ya rupia mbili, yaweza kushinda zote tatu zilizobaki mara nyingi. Ada ya shule ya mtoto imetoka mlangoni, na mizani haikukosea hata gramu moja. Kilichokosekana ni kusoma maneno mawili ya Kidachi na tarakimu nne.

Jambo la tatu katika uadimu ni hali ya sarafu. Mkusanyaji hutazama kama manyoya ya tai juu ya kofia ya Kaiser yangali yakionekana, na kama uso wa sarafu una mikwaruzo. Hapa ndipo watu wetu waharibupo mali zao kwa nia njema. Mtu apata sarafu nyeusi, aisugua kwa majivu na ndimu, au kwa mchanga wa mtoni, mpaka ing'ae kama kijiko kipya. Ule weusi si uchafu. Fedha ikikaa miaka mingi hupata weusi kwa hewa yenye harufu ya kiberiti, na weusi huo huifunika kama ngozi, nao humjulisha bingwa kwamba sarafu haikuchezewa. Ukiuondoa kwa kusugua, umeondoa na fedha ya juu. Sarafu iliyosuguliwa hivyo yaweza kupoteza nusu ya bei yake au zaidi, wala hapana dawa ya kuirudisha. Ikiwa ina udongo, itie katika maji safi, uiache, kisha uikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa laini. Uishike ukingoni, wala usiguse uso wake kwa vidole, kwa maana jasho huacha alama. Kila moja iwekwe katika bahasha yake ya karatasi kavu.

Zile zilizotobolewa tundu au kuchomewa kikuku ili zivaliwe shingoni, mkusanyaji hazitaki sana. Lakini kwa ukoo mkufu wa namna hiyo ni kumbukumbu kubwa, nasi hatushauri kuubomoa.

Yatupasa kusema habari za wadanganyifu wa namna nyingine. Wako watu wapitao vijijini na mijini wakisema kwamba rupia ya kweli huvuta mchele, au huvuta sindano, au huzima saa ya mkononi, na ya kuwa iko kampuni Ulaya inunuayo rupia hiyo kwa mamilioni yasiyohesabika. Kisha hutaka kwanza walipwe gharama ya kuipima, au ya kumleta mtaalamu. Fedha haivutwi na sumaku, wala haivuti kitu. Sarafu ivutayo sindano ina chuma au sumaku ndani yake, na hilo lenyewe ni ushahidi kwamba si fedha. Kadhalika vile vipande vya shaba vyenye picha za miungu ya Kihindi na mwaka 1818 havikuwa mapesa ya serikali wakati wo wote. Mnunuzi wa kweli hulipa, haombi kulipwa.

Ziko pia sarafu za kuigiza, hasa za zile zenye bei kubwa. Kipimo cha kwanza ni mizani. Rupia yenye gramu 9 au gramu 13 yatia shaka, ingawa iliyochakaa yaweza kupungua kidogo. Kipimo cha pili ni ukingo. Sarafu iliyomiminwa katika kalibu huweza kuwa na mshono kuzunguka ukingo, na uso wake huwa na vitundu vidogo kama vya andazi. Sarafu ya kweli ilipigwa kwa nguvu za mtambo, na herufi zake zina makali.

Pana na jambo la sheria. Kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, vitu vilivyotengenezwa na mikono ya watu kabla ya mwaka 1863 huhesabiwa kuwa mabaki ya kale, na kuvipeleka nje ya nchi kwataka ruhusa. Rupia ya mwaka 1890 ni ya baadaye, lakini reale yaweza kuwa ya kabla au ya baada, ijapokuwa zote zimeandikwa 1780. Kwa hiyo ni vema kuuliza kabla ya kuuza. Makumbusho ya Taifa yako Dar es Salaam, yalifunguliwa mwaka 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano, na huko wako watu wenye elimu ya vitu vya kale. Tena mtu asifukue makaburi wala misingi ya maboma kwa tamaa ya hazina za Wadachi. Wengi wamechimba mashimo, na mashimo ndiyo waliyoyapata. Hata penye sarafu, ikiisha kutolewa ardhini bila kuandikwa ilikuwa wapi na pamoja na nini, nusu ya habari yake imekufa.

Hapo twafika kwenye thamani ya tatu, ya kumbukumbu. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na vitu vingi vya ukoo vimepita kutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa pamoja na maneno yake. Sarafu bila maneno ni madini. Sarafu ambayo yajulikana kwamba ililetwa na babu fulani aliyechukua mizigo mpaka pwani, au kwamba ilibaki baada ya kulipa kodi mwaka fulani, ni ukurasa wa historia ya nchi, na ukurasa huo haumo katika kitabu cho chote. Wazee waliohadithiwa mambo hayo ni wachache, na kila mwaka hupungua. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari."

Basi, kabla ya kuuza, fanyeni mambo haya. Someni maneno na mwaka pande zote mbili. Pimeni uzani kwa sonara mnayemwamini. Pigeni picha pande zote mbili na ukingo. Msisugue. Ulizeni bei kwa watu wawili au watatu wasiojuana. Kwa kuwa mali ya ukoo si ya mtu mmoja, ukoo na ukae kwanza, asije mmoja akauza usiku na wengine wakasikia asubuhi.

Na ninyi wanafunzi, tunawapa kazi. Mkirudi nyumbani likizoni, waombeni wazee wawaonyeshe sarafu zao, kisha andikeni katika daftari jina la sarafu, mwaka, uzani, nani aliyeileta, na ilitoka wapi. Msiombe kupewa, ombeni kuhadithiwa. Ikiwa baadaye sarafu yauzwa kwa sababu ya shida, na shida ni za kweli, iuzwe kwa bei yake ya haki, na daftari libaki nyumbani.